Dakika moja niliyoisimamisha kwa rimoti

Nilikuwa nimeshika rimoti, kidole kiko juu ya kitufe cha pozi, na mama mkwe wangu kakaa kochi la pembeni, jicho moja limefungwa bandeji. Kwenye tivii kuna mzungu mwenye kipara kakaa ndani ya gari lake kwenye paking ya maduka, simu sikioni. Sauti iliyochezewa na mashine inamwambia kitu. Saa ya gari inasoma 3:07.

"Kaambiwa nini?" mama akauliza.

Nikabonyeza pozi.

"Kaambiwa kuna watu wawili wanakuja kumuua. Ana dakika moja."

Mama akakaa kimya kidogo. Mimi nasubiri aulize ni akina nani hao, au atapona huyu, maana ndo maswali ya kila mtu. Hakuuliza hata moja.

"Bastola yake iko wapi?"

Hiyo ilikuwa Jumamosi jioni, na leo ni wiki ya tano nazunguka na hilo swali, pamoja na lingine alilouliza mwishoni ambalo nitalifikia. Nimejaribu kuachana nalo, nimeshindwa, ndo maana naandika.

Epsodi yenyewe ni ya saba ya msimu wa tatu wa Breaking Bad, inaitwa "One Minute". Sitaelezea sirizi inahusu nini, kama hujaiangalia mpaka leo ni uamuzi wako na nauheshimu, ila ujue hapa chini naharibu kila kitu.

Nilivyogeuka DJ

Mama alikuja Dar kutolewa mtoto wa jicho. Akaambiwa asiiname, asibebe vitu vizito, asikae kwenye moshi, yaani kwa mwanamke ambaye hajawahi kukaa bure toka azaliwe hiyo ni adhabu tupu. Mke wangu zamu za usiku. Kifurushi cha kingamuzi kimeisha na mshahara bado, kwa hiyo zile tamthilia zake za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili hakuna. Mimi nilikuwa naangalia mambo yangu chumbani kwenye laptopu, nikamsikia anaita, "Baba Neema, hicho unachoangalia kilete hapa tuone wote, kukaa kimya na jicho moja nachoka."

Sasa nyie mnajua. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani hivihivi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, chakula tayari mama, haya, imeisha hiyo. Miaka minane ya ndoa sijawahi kukaa naye sebuleni zaidi ya robo saa bila mke wangu kuwepo. Na kitu chenyewe ni cha madawa ya kulevya na matusi. Ila utakataaje?

Nikachomeka flashi kwenye tivii. Kiingereza hajui, na maandishi ya chini hata angekuwa na macho mawili mazima yasingemsaidia kitu. Ikabidi nitafsiri kwa mdomo.

Tuliokulia kwenye vibanda umiza hii kazi tunaijua. Shilingi mia yako, benchi la mbao, joto, na DJ anayeongea juu ya sauti ya movie mpaka husikii waigizaji, anaongeza na maneno yake, adui akitokea nyuma ya mlango DJ anamwambia stelingi "geuka wewe!" na ukumbi mzima unapiga kelele. Na sheria ilikuwa moja tu: stelingi hafi. Stelingi akipigwa risasi ni ya bega.

Kwa hiyo nilidhani naiweza hiyo kazi. Tena epsodi hii nilikuwa nimeshaiangalia mara nne kabla, nikiulizwa epsodi gani ya taharuki kuliko zote naitaja hii bila kufikiria. Ilirushwa Marekani Mei 2, 2010, imeandikwa na Thomas Schnauz, imeongozwa na Michelle MacLaren ambaye aliteuliwa tuzo ya Emmy kwa hiyohiyo. Nilikuwa najua kila kitu.

Nilidhani.

Mjomba au baba mkubwa

Nilikwama dakika ya kwanza kabisa.

Epsodi inaanzia zamani, Meksiko. Watoto wawili mapacha wanagombana, mmoja kavunjiwa mdoli wake, anasema kwa hasira anatamani kaka yake afe. Mzee Hector kakaa pale na ndoo kubwa ya barafu yenye bia. Anamwita yule mwingine, anamzamisha kichwa kwenye yale maji na kumshikilia, na anamuuliza huyu, si ndicho ulichotaka? Mtoto anampiga mzee ngumi mpaka kaka yake anaachiwa. Afu mzee anawaambia, familia ndo kila kitu.

Mapacha wanamwita "tío". Nikasema, "Huyo ni mjomba wao."

"Kwa mama yao?"

Nikafikiria. Wote ni Salamanca, mzee Salamanca, watoto Salamanca. Mjomba gani wa jina moja na wewe? "Hapana mama, nadhani ni baba mkubwa."

"Aaa," akasema, kama mtu aliyepewa funguo. "Baba mkubwa ndo anaweza kufanya hivo. Mjomba asingemzamisha."

Nimeangalia hii mara nne na sijawahi kuona kwamba ile ndoo ndo mkataba wa ukoo. Kwamba wale mapacha wakikua wakawa wauaji wasioongea, wenye suti na viatu vya fuvu la kichwa, hawamfuati Hank, yule askari mwenye kipara wa kwenye gari, kwa sababu ya pesa. Binamu yao kauawa na Hank, na baba mkubwa aliwafundisha kwa barafu damu inalipwaje. Mama alilijua hilo kabla sijamaliza kutafsiri, mimi nilikuwa naona tu mwanzo wenye picha nzuri.

Ile bastola

Sasa nirudi kwenye swali lake.

Bastola ya Hank iko ofisini. Aliiacha mezani pamoja na beji, siku hiyohiyo.

Mwanzoni mwa epsodi Hank anaenda nyumbani kwa Jesse, kijana anayepika madawa, anampiga, anampiga vibaya, mpaka anazimia. Anachukuliwa hospitali uso umevimba hautambuliki. Baadaye ofisini wanataka maelezo yake, na njia ya kutokea ipo wazi kabisa: aseme kijana alianza. Ni neno la askari dhidi ya neno la teja, nani atabisha? Mkewe Marie anamsihi aipite hiyo njia. Hank anakataa, anamwambia mkewe kitu kama kwamba yeye siyo mtu aliyedhani ni yeye. Anaenda kusema kilichotokea kama kilivyotokea. Anasimamishwa kazi. Anatoa beji, anatoa bastola.

Kuna kipande cha lifti hapo, ambacho kwangu ndo bora kuliko mapigano yote. Milango inafunga, Hank anaanza kulia mikononi mwa mkewe, jitu zima linatetemeka, afu lifti inakaribia kufika na wote wawili wanajifuta wanasimama wima, milango inafunguka wanatoka kama watu waliotoka kulipa bili ya maji. Kwenye kile kipande nilinyamaza, sikutafsiri. Hakuna cha kutafsiri. Mama akasema tu "pole baba," kwa ile runinga.

Kwa hiyo alivyouliza bastola iko wapi, pozi imewekwa, Hank kaganda na simu sikioni, nikamjibu: ameirudisha kazini.

"Kwa nini?"

"Si alisema kweli kwamba alimpiga yule kijana."

"Angedanganya angekuwa nayo?"

"Angekuwa nayo."

Akacheka kidogo, siyo kicheko cha furaha. "Ndo maana watu hawasemi kweli."

Miaka yote nilikuwa nawaambia watu utamu wa hii epsodi ni saa. Ile 3:07 kuwa 3:08. Hank anaangalia kioo cha kulia, cha kushoto, kila mtu kwenye paking ni adui, mwanamke na toroli, mwanaume anayetembea. Nikaamini taharuki ni kuhesabu sekunde. Na mimi nilikuwa nimeiua ile saa! Nimeisimamisha kwa rimoti, dakika moja ya Hank ilichukua kama dakika kumi na mbili sebuleni kwangu, tunaongea, mama kaomba maji, nimeenda kumletea nimerudi. Kama taharuki ingekuwa kwenye saa, ingekuwa imekufa pale.

Haikufa. Mama alikuwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili.

Maana alichokuwa anakiogopa siyo dakika kwisha. Alikuwa anaogopa mtu kufa kwa sababu alisema kweli asubuhi. Hicho ukiweka pozi hakisimami.

Tulifundishwa sekondari kwamba taharuki ni ile hali ya msomaji kutaka kujua nini kitatokea mbele. Nililikariri hilo, nikapata na maksi zake. Sasa hivi silikubali kwa moyo wote. Mama alikuwa anaangalia nyuma, kwenye meza ile ambako bastola imeachwa.

Simu mbili

Kingine alichoniumbua nacho ni simu.

"Mbona hakimbii? Mimi ningeshuka nikimbie."

Nikamwelezea: anadhani ni utani. Na kueleza kwa nini anadhani ni utani ilibidi nirudi epsodi ya nyuma, ambapo alipigiwa simu ya uongo kwamba mkewe kapata ajali kakimbizwa hospitali, na ilikuwa mbinu ya kumtoa pale alipokuwa kawabana Jesse na Walt, mwenzake wa kupika madawa, ndani ya lile gari lao la kupikia. Akaenda mbio hospitali, mke mzima wa afya. Ile hasira ndo ilimpeleka kwa Jesse akampiga. Kumpiga kukamtoa bastola. Afu ndo inakuja simu ya pili, ya kweli, inasikika kama ya uongo.

Nilivyokuwa naongea nikawa najisikia mwenyewe najua kitu kipya. Simu ya uongo aliiamini mara moja. Ya kweli anaisikiliza huku anatafuta nani anamfanyia masihara. Nilikuwa nimeangalia epsodi zote mbili, sikuwahi kuzifunga pamoja mpaka nilipolazimika kumwelezea mtu kwa Kiswahili, na hapo ndo niliona waandishi walivyofuma kuanzia epsodi ya nyuma.

"Na huyo aliyempigia ni nani?"

Haionyeshwi pale, ila ukiunganisha vya mbele kidole kinaenda kwa yule mwenye migahawa ya kuku, yuleyule aliyewaruhusu mapacha wamuue Hank. Nikamwambia.

"Kawatuma mwenyewe, afu kawachoma mwenyewe?"

"Ndiyo mama."

"Huyo ni yule anayekuroga usiku, asubuhi anakuja kukuuzia dawa."

Sina cha kuongeza.

Sadfa

Nisiwe mnafiki, kuna kitu kwenye hii epsodi ambacho ni kibovu, na nilikuwa nakitetea.

Risasi. Katikati ya epsodi mapacha wananunua fulana za kuzuia risasi na silaha kwa jamaa mmoja mwenye maneno mengi, na jamaa anawapa risasi moja ya bure, ile yenye ncha iliyochimbwa, anaisifia kweli. Kwenye paking risasi hiyo inadondoka toka mfukoni. Hank kashapigwa, anajiburuza chini, Marco, mmoja wa wale mapacha, kasimama juu yake na bunduki, amalize. Hammalizi. Anasema rahisi mno, anaiacha bunduki pale chini, anaenda kwenye gari kuchukua shoka. Hank anaiona ile risasi kwenye lami, anaipachika kwenye bunduki kwa vidole vinavyotetemeka, shoka liko hewani, anampiga ya kichwa.

Mwalimu wangu wa fasihi alikuwa hapendi sadfa hata kidogo, akiona kwenye insha yako mtu kaokota pesa njiani siku anayodaiwa kodi anakuchora msalaba mwekundu. Hapa tuna risasi ya bure inayodondoka mahali sahihi, na muuaji mzoefu anayeacha bunduki mbele ya mtu aliye hai ili akatafute kitu cha mbwembwe. Kwa wengine wote nilikuwa nasema "ile ni kejeli, zawadi yao imewaua." Kejeli ipo, ndiyo. Ila ni stelingi kupigwa risasi ya bega vilevile, ila imevalishwa suti.

Mama hakushangaa. Hapo ndo alitulia kabisa, akaegemea kochi. Aliona shoka, akasema "haya, atapona," kabla risasi haijaokotwa. Yaani muda ambao mimi nilikuwa nashika kichwa mara zote nne, yeye ndo taharuki ilimwisha. Adui akianza mbwembwe, stelingi hafi. Hata kwenye kibanda umiza wanajua.

Sasa uniambie nani mhakiki hapo.

Nikiipa maksi leo: mpaka saa inaposoma 3:07 sina epsodi nyingine ya kuiweka pembeni yake, humo kwenye zote 62. Toka shoka linapotoka kwenye gari, ni movie nzuri ya mapigano. Na watu wengi wanaikumbuka kwa shoka.

Yule mwingine

Imeisha. Majina yanapita. Nimeshaanza kutafuta kitufe cha epsodi ya nane, mama akasema, "Na yule mwingine?"

"Pacha? Mmoja kafa, mwingine si alibanwa na gari miguu."

"Siyo hao. Yule aliyekuwa anapita. Kapigwa risasi kadondoka."

Sikumkumbuka.

Naapa sikumkumbuka. Mara tano nimeiangalia hii kitu. Nikarudisha nyuma, na kweli: kwenye zile vurugu Marco anafyatua, na kuna mtu aliyekuja tu kununua mahitaji yake anapigwa. Kamera haina muda naye. Inarudi kwa Hank, ambaye anapumua kwa shida, na sisi wote tunarudi kwa Hank.

"Huyo kwao wanajua?" mama akauliza.

Nikasema, mama, hii ni maigizo. Akasema najua ni maigizo, siyo mtoto. Ila yule askari mmemwonyesha mpaka machozi yake kwenye lifti, huyu hata uso hamna. Alisema "mmemwonyesha", kana kwamba na mimi nimo kwenye kuitengeneza. Na kwa kweli nilikuwa DJ. Nilitafsiri kila kitu, hata jina la duka, ila pale mtu anapodondoka sikusema neno. Nilikuwa nimeshikilia pumzi kwa ajili ya Hank.

Hii ndo imenikaa wiki tano. Siyo kwamba waandishi walikosea, maana usingeweza kusimama na kila mtu, epsodi ingekuwa ya masaa sita. Inanisumbua kwamba kitu kilichonifanya niipende ndicho kilichonifanya nisimwone. Taharuki inakubana uangalie sehemu moja tu. Ukiwa na macho mawili mazima, umekaa karibu na tivii, unaangalia kwa mara ya tano, bado hauoni. Mwenye jicho moja na bandeji aliona mara ya kwanza.

Afu siwezi kujua kama hiyo inaifanya epsodi iwe mbaya au iwe nzuri zaidi. Siku nyingine nasema waliweka yule mtu makusudi ili tuumbuke. Siku nyingine nasema hapana bana, ni mtu wa kudondoka tu, walihitaji mtu wa kudondoka ili ujue bunduki ni ya kweli. Nimerudia kile kipande, nadhani, mara kumi. Mke wangu kaniambia nitafute kazi ya kufanya.

Simu ya tatu

Mama alirudi kijijini baada ya wiki mbili, jicho zuri, anaona mpaka mbu. Hatujaongea kuhusu movie tena, maana mke wangu alivyorudi tukarudi kwenye shikamoo na marahaba.

Juzi kapiga. Kasalimia, kauliza mjukuu, kaniambia mahindi yameshika mvua ikakata, afu kabla hajaniomba nimpe simu mwanawe akasema:

"Baba Neema, yule askari alipona?"

"Alipona mama. Alikaa sana kwenye kiti cha magurudumu, ila alipona."

"Ahsante Mungu. Na yule mwingine?"

Nilikuwa nimesimama jikoni. Sijui kwa nini, ilinitoka tu.

"Naye alipona."

Kimya. Nasikia kuku upande wake.

"Ulimwona?"

"Mama," nikasema, "mtandao huku unakatakata, ngoja nikupe mama Neema."